Binti Yangu Alipeleka Uongo kwa Mkwe Wangu, Akasema Umetoka Kinywani Mwangu

Admin, funika jina langu vizuri, maana huku tuliko mambo haya si ya kuchezea. Sijui kusoma, natuma kwa sauti. Niandikie vile ninavyosema, usinipambe.

Mimi ni nyanya wa miaka sitini na tisa, Mluhya kutoka Bungoma, Kenya. Naishi Doha, Qatar, mtaa wa Al Mansoura, kwa binti yangu ambaye ni nesi. Mumewe ni injinia kule Lusail. Kwetu mama mkwe halali nyumba ya mkwe wake, ni mwiko. Nilipoitwa kuja kulea mjukuu, wazee walikaa, mkwe akatoa mbuzi na blanketi, nikaruhusiwa kwa masharti. Hatuli pamoja, hatusalimiani kwa mkono, hatuongei ana kwa ana. Akiingia, mimi naingia chumbani. Nikiwa na neno kwake, namtuma binti yangu, na yeye vivyo hivyo. Hivyo ndivyo tumeishi flati moja miaka yote hii, na heshima imekaa.

Mjukuu wangu, nimwite Nekesa, ana miaka kumi na minane, anamaliza shule. Tunalala chumba kimoja. Mimi humwita mke mwenza, ndio utani wetu wa nyanya na mjukuu, naye huniita Kukhu, ndiyo nyanya kwa lugha yetu. Mambo ya mwili kwetu msichana hamwulizi mamake, anamwuliza nyanyake. Basi mwaka jana akaniambia, "Kukhu, mimi moyo wangu hauendi kwa wavulana. Unaenda kwa wasichana. Nimeomba hali hii iniondoke, imekataa."

Sitadanganya, nilimwuliza tu kama amekula. Akacheka mpaka akalia. Nikamwambia, "Mke mwenza, nimezika watoto wawili. Wewe uko hai mbele yangu, nikufukuze niende wapi?"

Baadaye akaniuliza mwanamke kama yeye akikua atajilinda vipi na magonjwa, apimwe nini, nani wa kumwamini. Hapo nilishindwa. Nikamwambia kwa shule kuna mwalimu wa hayo mambo, amwulize, wao wamesoma. Mimi ambaye sikukanyaga darasa niliamini shule kama Biblia.

Mwalimu mwenyewe, mama mmoja mpole, aliwafungia mlango wasichana wa darasa la mwisho akawaambia waulize chochote, hakuna neno litakalotoka pale. Akafundisha mume, mimba, magonjwa ya kutoka kwa mume. Nekesa akanyoosha mkono: "Mwalimu, na mwanamke ambaye hatawahi kutaka mume, somo lake ni lipi?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamwambia, "Huyo hayumo kwenye somo letu." Kabla mtoto hajafika nyumbani, mwalimu alikuwa ameshampigia mamake simu.

Binti yangu aliporudi alilia, akasema wakijua huku tutafukuzwa sote. Hofu yake naielewa, sheria ya nchi hii naijua. Akasema babake Nekesa anataka apelekwe Kitale, kwetu Kenya, kwa mjomba wa babake huyo, mchungaji, aombewe, na kuna mwanamume ameshatafutwa wa kumwoa. Nikamwambia, "Nenda umwambie mume wako, mama mkwe wako anasema hapana. Mtoto asome. Haozwi mtu kama dawa." Akaitikia, "Sawa Mama." Nikalala nikijua neno langu limefika.

Juzi Nekesa aliingia chumbani bila salamu, akageukia ukuta. Nikamtania, "Mke mwenza, leo umeumwa na nyuki?"

"Kukhu, hata wewe?"

"Hata mimi nini?"

"Baba amesema ni wewe uliyeamua niende Kitale nikaolewe. Amesema alikuwa anasitasita, lakini neno la mama mkwe halipingwi. Nilikuambia wewe peke yako."

Jamani. Nilihisi mtu ameninyang'anya ulimi.

Nilimkuta binti yangu jikoni akipika chapati. "Ulimwambia nini mume wako?"

"Mama, angenisikiliza mimi? Wewe anakuheshimu."

"Kwa hiyo ukachukua kinywa changu ukakitumia kumtoa mjukuu wangu aozwe."

"Namwokoa! Bora aolewe na mtu asiyempenda kuliko ashikwe hapa."

"Na huko Kitale, anaolewa au anazikwa? Wewe ni nesi. Unahudumia wanawake wa watu kila siku. Huyu akikujia mgonjwa, utamwambia na wewe kwamba hayumo?"

Chapati iliungua tukiiangalia.

Nimemwapia Nekesa kwamba nilikataa. Ananiambia, "Kama ni kweli, mwambie Baba mwenyewe." Ni neno fupi tu, lakini kwetu kumkabili mkwe uso kwa uso ni kujivua nguo. Wazee watasema nimeleta laana kwa wajukuu. Na mkwe wangu, ambaye hajawahi kunikosea, anaweza kunirudisha nyumbani na ndege ileile ya Nekesa. Kumtuma binti yangu tena siwezi, na mtu wa nje nikimtuma, siri ya mtoto itajaa Mansoura yote.

Simwombi mkwe apige ngoma barabarani. Namwomba amwache mtoto amalize masomo, na huko mbele apate daktari wa kumwambia ukweli bila kumcheka.

Anayetaka kunitukana atukane, nina ngozi ya kiboko, ila anijibu kwanza. Safari ni wiki ijayo. Mtoto bado analala amenipa mgongo, na yeye ninayempenda ndiye anayeniona msaliti. Ninyi wenye wakwe, ninyi mnaojua mila, ninyi wenye watoto kama Nekesa: nitoke chumbani nimwangalie mkwe wangu machoni niseme, au mnajua njia nyingine ambayo mimi siioni?