Chini ya Kitambaa cha Msiba

Fundi simu wa mtaa wetu wa Bantama huifunika simu kwa kitambaa cheusi cha msiba, kisha vidole vyake hupapasa chini yake taratibu, kama vya mtu aliye usingizini. Kioo kikiwaka, hugeuza uso. "Ya ndani ya mtu si kazi yangu," husema. Ndiyo maana sisi wanaume tunaopenda wanaume tunampelekea simu zetu.

Jumamosi moja, ngoma za mazishi zikivuma mbali, alikuja kaka wa mpenzi wangu Anane, na simu aliyomnyang'anya nduguye. Mimi nilikuwa pale kwenye benchi, hakunijua.

"Ifungue, fundi. Leo nitamjua huyo mwanamume wake."

Fundi akaifunika, akapapasa mpaka nikahisi benchi linaelea.

"Pole, bwana. Imekufa."

"Imekufaje? Asubuhi ilikuwa nzima!"

"Hata wanaozikwa leo, kuna asubuhi walikuwa wazima."

Jamaa akasonya. "Basi itupe!" Akaenda zake.

Kitambaa kikawaka kwa ndani, mwanga wa buluu kama mwezi chini ya maji. Fundi akageuza uso, akanisogezea simu pamoja na kitambaa chake.

"Mrudishie mwenzio."