Picha ya Kipaimara Iliyotundikwa Sebuleni kwa Dada

Dada yangu anayeishi mtaa wa Ramadhani, Njombe, alinipigia simu mtoto wake alipokaribia kupata kipaimara. Mimi ndiye mpiga picha wa ukoo, nina kistudio Lyamkena, hapa Makambako. Nikajua ananiita kazini. Kumbe sivyo. "Safari hii njoo ukae tu, mdogo wangu, na wewe upigwe. Nimeshampata mtu."

Mtu mwenyewe nilimfahamu. Tulijifunza kazi pamoja, studio moja, picha za pasipoti. Sasa ana kamera kubwa, ile ambayo sensa yake, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, ni kama mara nne ya yangu. Labda dada alisema kweli kwamba alitaka nikae. Mimi nilisikia tu kwamba picha yangu haimtoshi kutundika sebuleni. Kamera yangu nikaitia kwenye kikapu hata hivyo.

Baada ya ibada yule bwana alimpiga mtoto picha peke yake, tundu la lenzi limefunguka sana. Uso ukatoka wazi hadi kope, ua wa kanisa nyuma ukayeyuka kama maziwa. "Jamani, kama wa kwenye kalenda!" dada akapiga kelele. Nilitabasamu. Kwa sensa yangu ndogo nyuma hakuyeyuki hivyo, hata nifanyeje.

Ikaja picha ya ukoo. Kwetu hii ndiyo picha yenyewe: wazee kwenye viti, mtoto katikati amefunikwa blanketi la zawadi, nyuma yao mistari mitatu ya ndugu, na haondoki mtu mpaka wote wapigwe. Yule bwana akapiga bila kufunga tundu, yaani bila kulipunguza. Shangazi wa mtoto, aliyesimama mstari wa mwisho, akaja kuangalia kwenye kioo cha kamera.

"Mbona wa mbele wanang'aa na mimi nimetiwa ukungu? Nimewakosea nini?"

"Si kusudi, mama, ni fokasi tu..."

"Fokasi ndiyo inajua nani wa kukaa mbele?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Nimtendee haki: yule bwana aliomba radhi palepale. Mimi nilifurahi mpaka nikaona aibu, lakini kikapu nilikuwa nimeshakifungua. "Ngoja niwapige mimi," nikasema. Niliamini kadiri unavyofunga tundu ndivyo picha inavyokuwa kali, basi nikafunga mpaka mwisho, namba ishirini na mbili, maana kwenye lenzi namba kubwa ndiyo tundu dogo. Kwenye kioo kidogo wote walionekana, hata shangazi. Wakanipigia vigelegele.

Yule bwana akanisogelea, akanong'ona, "Dada, umefunga mno kwa kamera hiyo. Weka tano na nusu, sita hivi. Wote watatoka."

"Shughulika na yako," nikamjibu. Nilidhani ana wivu.

Akafunga yake kiasi, akaomba watu wapange tena mistari, akapiga mara ya pili. Na mimi nilikuwemo, nyuma, karibu na shangazi.

Jumatatu nikaifungua picha yangu kwenye kompyuta. Hakuna aliyekosa fokasi, na hakuna aliyekuwa mkali. Wote laini, kama wanaonekana kupitia neti. Nikapanga viazi kwa mistari, badala ya watu, kwenye benchi nyuma ya studio nikajaribu namba moja moja. Mwanga ukipenyezwa kwenye kitundu kidogo mno hutawanyika, kila nukta inakuwa doa, na kwenye sensa ndogo doa hilo linakula sehemu kubwa ya picha. Kwenye namba aliyoniambia, viazi vyote vilitoka safi, vya mbele hadi vya nyuma. Sikusoma sana, labda naeleza vibaya. Ila niliona hili: kamera yangu huwafikia watu wa nyuma bila kufunga sana, na huharibika mapema ikifungwa. Yake lazima aifunge zaidi ndipo ilingane na yangu. Kwa picha ya ukoo, basi, hakunizidi kamera. Ningependa sana kama angekuwa amenizidi kamera, si ujuzi.

Jioni dada akapiga simu. Alikuwa na picha zote mbili kwenye simu yake.

"Zinafanana tu kwangu. Yako naipenda, ni ya mdogo wangu. Nikasafishe ipi kubwa?"

Kwenye simu kweli zinafanana. Ningesema yangu, akaitundika, asingejua mpaka iwe ukutani.

"Ya kwake," nikasema. "Yangu ukiikuza itakuwa ukungu mtupu. Nilikosea mimi."

Nadhani alikuwa anaikuza kwa vidole.

"Haya. Ila kwenye hii ya kwake, mbona umenuna hivyo? Unamkodolea nani macho?"

"Jua lilinipiga."

"Jua lipi? Siku nzima mawingu!"

Ipo sebuleni kwa dada sasa. Shangazi ametoka vizuri sana. Mimi pia nimetoka, kila kitu kipo, mdomo umebetuliwa, macho yamemganda mpiga picha. Wageni huuliza yule wa nyuma ana nini.