Siku Kirungu Kilipomlilia Chifu

Nichekeni tu, hata mimi nikilikumbuka lile lango la mtaa wa Donholm hujifunika uso kwa kofia.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nikilala sakafuni kwa binamu yangu, mtaa wa Tena, mpaka mkewe akanichoka, basi asubuhi moja nikabeba shati langu la pili na kuondoka bila kujua niendako. Nikatokea kwenye lango hilo, nikakuta wazee wa kamati ya usalama wamekizunguka kirungu cheusi cha plastiki kinacholia kikikaribia chuma, kimeletwa kutoka ng'ambo na mtoto wa mwenyekiti. Sheria zake walishazitunga na kuzibandika ukutani, ila hakuna aliyejua kukiwasha.

"Kijana, unakijua hiki?"

"Nakijua sana, mzee." (Ndiyo kwanza nakiona, lakini nilikuwa nimeona swichi ubavuni, na nyuma ya lango kibanda chenye kitanda.)

Nikabonyeza, kikalia, wakapiga makofi. "Kazi yako, kibanda chako," mwenyekiti akasema. "Ila kikilia, mtu hapiti, awe na cheo gani. Ukimpitisha mmoja tu, kitanda usahau."

Kumbe siku hiyo hiyo lango linazinduliwa na mgeni rasmi ni chifu! Wakaanza kuja akina mama wa kanisa na masufuria ya pilau, kirungu kikapiga yowe.

"We kijana, kwani pilau ni bunduki?" Mama Atieno akafoka.

"Mama, sheria haikusamehe hata pilau." Wakaketi nje na chakula chao, wageni ndani wakibaki kunusa.

Akaja chifu na vifungo vya shaba, beji, na mkanda wenye kifungio cha chuma tumboni. Nikamtazama mwenyekiti, naye akaitazama sheria yake ukutani. Nikafikiria kitanda. Nikapitisha kirungu, kikalia kuanzia kofia hadi viatu.

"Samahani, Chifu, mkanda."

Akauvua huku akitabasamu, suruali ikateremka, akaidaka kwa mkono mmoja, na kirungu bado kinalia.

"Chifu, njoo tukae huku nje," Mama Atieno akaita, "kuna pilau!"

Watu wakaangua kicheko, chifu akaacha kutabasamu. "Kibali cha chombo hiki kiko wapi?"

"Hutolewa ofisi gani, mheshimiwa?" mwenyekiti akauliza.

"Ofisi bado haipo. Ndiyo sababu kukimiliki ni makosa. Ni cha nani?"

Wazee wote wakaninyooshea kidole. "Cha huyu. Hata hatumjui."

Jioni nikajikuta kwenye kambi ya chifu, mahali ambapo sikuwahi kufika maishani, nikapewa chumba, blanketi, na mlango unaofungwa kwa nje. Kirungu kiliwekwa ofisini kungoja sheria, lakini askari walikuwa wakipimana nacho, funguo hadi meno ya dhahabu, huku wakicheka. Kisha kikalia bila kukoma, na mmoja wao akaja mbio dirishani.

"Niaje, buda, chifu anarudi! Hiki kinazimwaje? Si wewe unakijua?"

Safari hii nilikuwa nakijua kweli.

"Mimi, afande?" nikajifunika blanketi. "Sikijui kabisa." Na tangu siku hiyo, chochote chenye swichi, sikijui.