Mafiga ya Mama Mkwe na Njia ya Tembo

Kijiji chetu, huku Madibira, kilitenga njia ya tembo ya kushukia mtoni na kuiwekea bikoni, vinguzo vya zege vya kuonyesha mpaka. Mama mkwe aling'oa tatu akazifanya mafiga, na mume wangu akalima mahindi ndani ya njia hiyo. Mwaka jana tembo walipita asubuhi nikipalilia, mtoto mgongoni. Nilikimbia, kanga ikafunguka, mtoto akaponyoka, nikamdaka mguu. Mahindi wakayamaliza.

Jikoni mama mkwe aliwalaani tembo. "Wamefuata nini kwetu?"

"Kwetu wapi, mama?" nikamjibu. "Hiyo sufuria yako imekaa juu ya mpaka wao!"

Mume wangu akacheka. "Elimu ya fomu foo imempanda kichwani. Kaolewe na tembo basi."

"Heri tembo, anajua njia yake. Mwanao angekanyagwa, ungecheka?"

Mama mkwe akachochea kuni.

Mvua ziliporudi, mume wangu alipanda tena pale pale. Mimi na mtoto hatuendi huko, na maneno nimeyasikia: mvivu, mjeuri. Sawa. Lakini yeye sasa analala shambani kulinda mahindi, na kila asubuhi naangalia kama anarudi, nikiwa na hasira.