Shemeji Amekuja Kuchukua Gari la Mume Wangu, Mimi Hakunitaja

Naomba mnifichie jina. Mji siwezi kuuficha, maana bila mji kisa hiki hakieleweki. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nina watoto wawili, naishi mtaa wa Magoudjou, hapa Moroni, kisiwa cha Ngazija, Komoro. Nilizaliwa Majunga, Bukini, yaani Madagaska, nikaletwa huku na wazazi nikiwa mtoto, ndiyo maana watu wakitaka kunikumbusha kwamba mimi ni wa kuja wananiita Msabena, kwa jina la ndege zilizotuleta. Kiswahili nimekipata dukani kwa mama yangu, anayekwenda Unguja kununua kanga. Mdomo wangu haujui kunyamaza, lakini kwa jambo hili nimenyamaza mpaka nimechoka.

Mume wangu ni mwalimu, mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani. Kwetu visiwani nyumba ni ya mwanamke. Hii alinijengea mama, na mume aliingia na sanduku lake la nguo. Alipopata uwezo akataka gari, si la kujionyesha, la kupeleka watoto shule na mama hospitali. Alitafuta mpaka nikamtania kwamba ni kama anachumbia mke wa pili. Kila gari aliloonyeshwa aliinua zulia kutafuta kutu, maana chumvi ya bahari hapa inakula bati, akapitisha mkono chini ya injini kuona kama linavuja oili. Akikuta mwenyewe ameshaliwasha, anageuka anakwenda zake. "Nataka kulisikia likiwa baridi," anasema. "Likishapata moto linaficha ugonjwa." Mwishowe akapata moja jeupe, la milango minne, la mtumba lakini zima. Alinifundisha kuliendesha kwenye barabara ya uwanja wa ndege, nikawa nacheka mpaka nashindwa kukanyaga klachi.

Kisha Nzwani ikajitenga na serikali ya hapa Moroni. Wakubwa waligombana, hasira za watu wa hapa zikawaangukia Wanzwani tuliokuwa tunaishi nao. Vijana walikuwa wanasimamisha magari na kumtaka kila mtu aseme maneno mawili matatu, kwa sababu Kinzwani na Kingazija hata mtoto anavitofautisha. Mume wangu alisimamishwa, binti yetu yuko kiti cha nyuma. Akajitahidi kusema kama sisi, ulimi ukamsaliti. Walimpiga makofi mbele ya mtoto, wakavunja taa, wakamwambia arudi kwao. Aliondoka na boti iliyofuata. Bandarini alinishika mkono akasema, "Liwashe kila asubuhi, lisife. Nikirudi nilikute zima." Sikumuuliza mimi je. Nilijua amechanganyikiwa.

Basi nikawa fundi. Kila asubuhi nikishasali naangalia maji ya rejeta, naangalia oili, nawasha. Nalisogeza mbele na nyuma ili matairi yasikae upande mmoja. Chini naliosha kwa maji ya mvua ya birika letu, na mama ananigombeza kwamba nalinywesha gari maji ya watoto. Simu za Nzwani zilikuwa hazipatikani, habari zake nazipata kwa wasafiri: mzima, anasalimia. Jamani, upweke ni mbaya. Nilikuwa nakaa kwenye kiti chake, vioo nimepandisha, injini inanguruma, nalia humo humo kwa sababu hakuna atakayenisikia. Mashoga zangu walinikimbia, wengine kwa sababu mume ni Mnzwani, wengine kwa sababu mimi ni Msabena. Hakubaki hata mmoja wa kunywa naye chai.

Siku moja mwanamke anayeuza vitambaa alirudi kutoka Mutsamudu akaniambia, huku anatazama chini, kwamba mume wangu ameingizwa nyumba kule. Yaani ameoa. Dini inamruhusu, najua, msinikumbushe. Kilichoniuma ni kusikia kwa muuza vitambaa. Kesho yake niliwasha gari kama kawaida.

Sasa visiwa vimeanza kuelewana na boti zinakwenda. Juzi akaja shemeji, mdogo wa mume wangu, mtu mwenye adabu zake. Nilimpikia, akala, akanawa, ndipo akasema, "Shemeji, kaka ameniagiza gari. Nilipakie melini."

"Gari peke yake?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na mimi hakunitaja?"

"Alisema amesikia unalitunza vizuri."

Nikacheka, lakini si cheko la furaha. Nikamuuliza Mutsamudu ataliingiza wapi, vichochoro vya mji wao hata wanawake wawili wenye vikapu wanapishana kwa shida. Akasema litaegeshwa chini, karibu na bandari.

Wasiojua mila zetu niwaeleze. Talaka hutamkwa, lakini mtu akiona aibu kuitamka, hutuma ndugu zake wachukue vitu vyake nyumbani kwa mke. Mtaa ukishaona sanduku linatoka, hakuna anayeuliza tena. Nguo zake aliondoka nazo siku ile ya boti. Ndani ya nyumba hii hana hata kandambili. Alichobakisha kwangu ni gari tu.

Mama anasema, "Ni lake, mpe, ujue moja." Mimi sitaki kujua moja. Nimefikiria kumwambia shemeji kwamba mwenye gari aje mwenyewe. Lakini naogopa. Huenda akakasirika akanitumia talaka kwa mdomo wa mtu mwingine, au akaja kweli, akasimama mlangoni kwangu kama mgeni, akanitamkia usoni. Nampenda bado. Hilo ndilo sijamwambia hata mama.

Shemeji yuko kwa shangazi yake anasubiri meli ya mizigo, na kila akipita ananiulizia ufunguo kwa upole. Kuhusu gari msinifundishe kitu, nalijua kuliko wao wote. Nyinyi mlioolewa na mlioachika, niambieni hili tu: nikimpa ufunguo, jioni ile watoto wakiniuliza baba yao atarudi lini, niwajibu nini?