Wenyewe wa Jiwe Jekundu

Mimi sikusoma sana. Niliacha shule darasa la sita kule Bungoma, na leo walionipita darasani wananipigia simu kuniomba kazi. Sijisifu, nasema ilivyo. Nilivuka mpaka na wembe na kipande cha mpira, nikaketi kwenye baraza la mtu Wandegeya, Kampala, nikachonga mihuri kwa mkono, herufi kinyume, moja moja. Sasa maduka ya mihuri na uchapaji ninayo matatu pale pale, mashine zinachonga zenyewe, na nyumba yangu Kansanga ina geti linalofunguka bila mtu kuligusa.

Kazi ya mihuri haikufundishi kuamini watu. Anakuja mtu amevaa tai, ana karatasi yenye alama ya muhuri wa shule. "Fundi, nitengenezee kama huu, wetu umepotea." Umepotea wapi? Mwenye muhuri akiupoteza huja na barua ya polisi, haji na alama. Lakini kibanda cha pili atatengenezewa, chai haijapoa. Ndiyo maana sisi wa kazi hii tuna neno letu: ukimpa mtu alama safi ya muhuri wako, umempa muhuri. Wangu mimi huugonga mshazari, juu ya sahihi, nusu upotee. Hata mke wangu hajawahi kuuona mzima.

Sasa niseme habari ya pete. Baba mkwe alikuwa mwanajeshi, mtu wa kaskazini, Mwislamu wa swala tano, na mama mkwe ni Mkristo wa kwaya. Siku ninamwoa binti yao, mzee alisimama mbele ya watu wote, akatoa pete ya dhahabu yenye jiwe jekundu, akanivika. Wanawe wa kiume walikuwepo, wamekaa wanatazama. Hakuwapa wao, alinipa mimi Mluhya. Jiwe lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya hindi, limechongwa kitu ndani, ukiliinamisha kwenye mwanga unaona kama mtu ameketi na fimbo. Nikajua ni chifu. Nikasema moyoni, mzee ameona mbali.

Niliivaa miaka yote. Mzee alikufa, tukamzika, nikaendelea kuivaa. Niliponunua gari jipya nilipiga picha mkono wangu uko kwenye usukani, pete mbele, nikaiweka mtandaoni. Watu wakapongeza gari. Mtu mmoja tu aliuliza habari za jiwe.

Alikuwa mwanamke, Mtanzania, anafanya kazi kwenye makumbusho ya ng'ambo. Aliniandikia kwa Kiswahili kitamu mno, kila neno limekaa mahali pake, na hapo hapo nikashtuka. Kampala tuna watu tunaowaita bafere, kazi yao ni kulaghai, na mfere hajawahi kuwa na lugha mbaya. Nikamzuia asiniandikie. Akaja kwa namba nyingine. Nikamwambia, kama wewe ni mtu kweli, njoo nikuone. Nilidhani nimemmaliza. Baada ya wiki chache akanipigia: "Kaka, nimefika Kampala."

Nilikutana naye kwenye hoteli ya jirani yangu Kansanga, mahali ambapo hata wahudumu ni macho yangu. Alikuwa mama mnene kiasi, kiatu cha chini, mkoba wa kitambaa. Hakuitazama pete moja kwa moja. Alinisalimia kwanza, akauliza watoto, akauliza biashara. Mtu anayezunguka hivyo ana shimo amelichimba mahali, mimi nikasubiri nilione.

"Sitaki kuinunua," akasema.

"Basi ndiyo umezidi kunitisha, dada. Anayetaka kununua namjua. Asiyetaka kununua anataka nini?"

Akacheka. Akaniambia vito vya namna ile vilichongwa zamani sana kule Roma na Ugiriki, watu wakavivaa kama mihuri yao. Baadaye matajiri wa Ulaya wakavikusanya. Tajiri mmoja aliyekuwa na vito vingi alivichapa vyote kwenye plasta nyeupe, akapanga alama zake kwenye visanduku na kuwagawia rafiki zake. Alipokufa, warithi waliuza mawe, yakatawanyika duniani, ila visanduku vya alama vilibaki. Kimoja kiko kwenye makumbusho yake.

"Siku hizi tunaulizwa," akasema. "Kila jiwe lililo kabatini: mlilipata wapi, na yule alilipata wapi, na yule wa kabla yake. Kuna yaliyonunuliwa, kuna yaliyoibwa. Na kuna yaliyopo kwenye plasta tu, hatujui yalikokwenda. Nadhani moja umelivaa."

Hilo nililielewa kuliko alivyotarajia. Nani asiyelielewa, aliyenunua kiwanja Kampala? Huangalii karatasi. Unamwita mwenyekiti wa kijiji, unawaita majirani wa mipaka yote, unauliza: huyu alinunua kwa nani, na yule alirithi kwa nani? Ukikuta pengo, unakimbia. Mimi nilishakimbia viwanja vizuri sana kwa sababu ya pengo.

"Endelea," nikamwambia.

Alisema jiwe lilionekana mara ya mwisho likinunuliwa na mfanyabiashara aliyekuwa akienda Bombay. Baada ya hapo, kimya. Kisha akatoa mkobani kibonge cha udongo laini wa kijivu. "Niruhusu nilichape mara moja tu, nilinganishe na plasta."

Nikauficha mkono chini ya meza.

"Dada, mimi unanionaje?"

"Vipi?"

"Kazi yangu ni mihuri. Nikupe alama safi, uende, utengeneze jingine kama hili, kesho uniambie langu ndilo bandia? Hilo ninalifanya mimi kwa dakika kumi nikiwa nimefumba macho."

"Basi hujawahi kulichapa hata wewe mwenyewe?"

"Kwa nini nilichape? Nikiacha alama, nani ataiokota?"

Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Akauliza, basi ndani yake pamechongwa nini? Nikamwambia, chifu na fimbo yake. Na chini? Chini hakuna kitu. Akaandika. Nikajua ameninyima kitu, kwa sababu hakuuliza tena juu ya chifu wala fimbo. Na nilipomuuliza picha ya plasta iko wapi, akasema ipo, nitaiona baadaye.

"Naona na wewe huniamini," nikamwambia.

"Sijamwamini mtu bado, kaka. Ndiyo kazi yenyewe." Akafunga daftari. "Baba mkwe wako aliipata wapi?"

Hapo ndipo uji ulipomwagika. Kwa sababu sikujua. Mtu aliyekimbia viwanja kwa ajili ya pengo alikuwa amelivaa pengo kidoleni.

Nilirudi nyumbani nikiwa na mawazo ambayo sikuyaalika. Mwanajeshi, miaka ile. Wahindi walifukuzwa nchini, wakaondoka na nguo walizovaa, maduka yakabaki wazi. Mzee hakuwahi kuniambia neno. Alinivika tu mbele ya watu, haraka, kama mtu anayetua mzigo. Na mbona hakuwapa wanawe? Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo kwa upande mmoja tu, ule wa kunipendeza.

Mke wangu nilimkuta jikoni.

"Baba yako aliitoa wapi hii?"

"Kwa nini unauliza leo?"

"Najibiwa swali kwa swali?"

"Baba hakuwa mwizi, kama ndiko unakoenda."

"Nani ametaja mwizi?"

"Uso wako." Akageuza ndizi kwenye sufuria. "Muulize mama."

Alikuwa ananikejeli. Anajua siwezi. Kwetu Waluhya mkwe ni mtu wa heshima ya kuogopesha: hamshikani mikono, hamli meza moja, hukai chumba alichokaa. Kwao pia ni hivyo hivyo. Mama mkwe akija Kansanga mimi hukumbuka nina shughuli dukani. Tukikutana kwenye msiba tunasalimiana kwa mbali, kila mmoja ameinamisha macho. Ila yeye macho yake, nilishaona, huinamia mkononi kwangu. Nilidhani anafurahi kuona mali ya mumewe inapendeza.

Basi tukaenda kwake Bwaise siku ya Jumamosi mchana, mimi, mke wangu na yule mama wa makumbusho. Nimeshamwambia mama mkwe mara nyingi, kupitia kwa bintiye, kwamba nimjengee kwingine, mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka kitandani. Anakataa. Ameweka magunia ya mchanga mlangoni, kizingiti amekijenga juu kama ukuta wa kisima, na amekaa. Mimi niliwekewa kiti nje, mgongo wangu na ukuta wa nyumba. Mgeni akaingia ndani. Mke wangu akasimama mlangoni penye pazia, ndiye daraja.

"Muulize mama," nikasema, "baba aliipata wapi pete."

Alikuwa anasikia, ukuta wenyewe ni tofali moja. Lakini tulingoja mpaka mke wangu arudie.

Kisha sauti ya mama mkwe, Kiswahili chake cha kambini: "Baba yenu hakupata kitu. Hii pete ni yangu mimi."

Nilisimama. Nikakaa.

Mke wangu hakuhitaji kunirudishia, lakini alirudisha, taratibu, kama mtu anayesoma habari redioni. Mama alikuwa yaya, kabla hajaolewa, kwa familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa. Wafanyakazi wengine walipokimbia yeye alibaki, kwa sababu mtoto alikuwa na homa na hakutaka kubebwa na mwingine. Asubuhi ya kuondoka, mama mwenye duka alivua pete aliyorithi kwa baba yake akampa.

"Akasema, wewe ulikaa. Hii ni yako, si ya kutunza, ni yako," mama mkwe akasema kutoka ndani. "Mimi niliweka. Mzee akachukua kwa sanduku, akapeleka kwa harusi. Hakuniuliza mimi. Nikaona tu iko kwa kidole ya mkwe."

"Na mbona hukusema, mama?" mke wangu akauliza, sasa kwa sauti yake mwenyewe.

"Nitasema na nani? Nitashika mkono ya mkwe?"

Sikuamini. Naomba msomaji anielewe. Mzee amekufa, wenye duka hawapo, na ghafla kuna mtu anadai kitu mbele ya mgeni wa makumbusho. Kwenye kiwanja ningesema, lete jirani. Nikamwambia mke wangu, muulize mama ana shahidi gani. Mke wangu alinitazama jicho ambalo bado ninalo mpaka leo, lakini akauliza.

Mama mkwe akacheka. Akasema yule mtoto akigoma kula, yeye alikuwa akiazima pete kwa mama mwenye duka na kuichapa kwenye unga wa chapati, mtoto atazame picha inavyotokea. Mzee ameketi, fimbo mkononi. "Na chini ya kiti kuna kuku. Kadogo, kanadonoa. Mtoto alikuwa anakula chapati yote ili afike kwa kuku."

"Hakuna kuku," nikasema, safari hii nikamsahau hata mke wangu, nikaongea na ukuta.

Mgeni akatoka nje. Sura yake ilikuwa imebadilika. "Kaka, pete."

Nikaivua. Kwa mara ya kwanza nikamwona mtu akilichapa jiwe langu: alilisukuma kwenye udongo, akalitikisa kidogo, akalitoa. Akanisogezea alama. Mzee ameketi. Fimbo. Na chini ya kiti, mdogo kuliko mbegu ya ufuta, ndege ameinamisha shingo anadonoa. Kwenye jiwe umbo lile linapotea kwenye wekundu. Kwenye udongo lilisimama kama limetotolewa sasa hivi. Ndipo akaniwekea picha ya plasta aliyoificha tangu Kansanga. Ndege yule yule.

"Wasomi wanasema ni tai," akaniambia.

"Mwambie ni kuku!" mama mkwe akaitikia kutoka ndani.

Pete niliiweka kwenye sahani, mke wangu akaipitisha nyuma ya pazia. Sikuona alivyoipokea na siulizi. Nilisikia tu sahani ikiwekwa mezani.

Mgeni akakaa na kompyuta yake kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje, akaandika. Nikamuuliza mimi nimekaa wapi kwenye historia hiyo.

"Mzee ataandikwa kama aliyeitoa, wewe kama uliyeivaa. Mwenyewe ni mama."

"Miaka yote hiyo, kuvaa tu?"

"Kuvaa tu, kaka. Ila nahitaji shahidi wa leo. Mtu aliyekuwepo mama alipotaja ndege kabla picha haijatolewa. Mimi siwezi kujishuhudia, na binti yake ni damu yake."

Kwa hiyo nilibaki mimi. Niliyekwenda pale kutafuta jina langu, sasa natakiwa niweke sahihi chini ya jina la mtu mwingine. Nikamwambia nitaweka. Lakini siweki sahihi kwenye kitu ambacho sijasikia chote, nisomewe tangu mwanzo, polepole, na lisirukwe jambo.

Akaanza kusoma: mchongaji asiyejulikana, Roma. Tajiri wa Ulaya. Warithi wake. Mfanyabiashara wa Bombay. Hapo kuna pengo, na aliandika kuwa ni pengo. Kisha mama wa duka la vitambaa, Kampala, aliyerithi kwa baba yake. Kisha akasoma jina kamili la mama mkwe, na neno mmiliki, na Bwaise.

"Rudia hapo," sauti ikasema kutoka ndani.

Mgeni akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeomba kusomewa.

"Msomee tena," nikamwambia.