Kifua Kilichonyooshwa

Mimi si mtu wa kutulia. Nikikaa, mguu unatingishika. Nikisimama, natafuta pa kuegemea, na nikishapata natafuta pengine. Kanisani humaliza ibada nikiwa nje kwenye maegesho, nikisoma maandishi ya matairi. Kitu pekee kilichowahi kunikalisha chini ni deraya ya askari mmoja wa sayari za mbali, kutoka kwenye kipindi cha zamani cha televisheni ambacho watu wenye akili zao walishakisahau.

Sizungumzii nguo za kuchezea za watoto. Sisi tunaofanya kazi hii tuna sheria moja, nayo haina huruma: hutengenezi deraya kama unavyoona ingependeza, unaitengeneza kama ilivyoonekana kwenye kioo cha televisheni. Ikiwa fundi wa wakati ule aliharakisha akapachika kifungo kimekwenda upande, na chako kiende upande. Askari wangu alikuwa amezeekea vitani, na kifua cha deraya yake kilikuwa kimejaa mibonyeo ya risasi na mawe. Nilisimamisha picha, nikaisogeza mbele kidogo, nikairudisha, nikaisogeza tena, mpaka nikajua kila mbonyeo umekaa wapi na umeelekea wapi. Jirani wa chumba cha chini, hapa mtaani Umoja, alipanda ngazi kuniuliza kama televisheni yangu imekufa.

Mikono na mapaja niliyatengeneza kwa ile sponji ngumu ya soli za ndala. Niliinunua sokoni Kariokor, kwa mafundi wa viatu, na mikanda ya ngozi vilevile. Walinizoea. Waliniuliza ninamshonea nani viatu vikubwa hivyo, nikawaambia ni mimi mwenyewe, wakacheka wakadhani nafanya mzaha. Lakini kifua nilikikatalia sponji. Sponji ukiibonyeza inarudi, na mimi nilitaka kitu kikibonyea kibaki kimebonyea. Nikatafuta bati la alumini kwa watu wanaofua sufuria, nikalikunja, nikalilaza juu ya gunia la mchanga, nikaanza kupiga mibonyeo kwa nyundo ndogo iliyofungwa kitambaa. Mmoja ulio chini ya bega la kushoto ulinitesa vibaya. Ukizama sana unafanana na shimo, usipozama vya kutosha hauonekani. Nilipoupata nilizunguka chumba nikipiga makofi peke yangu kama mwendawazimu.

Haya yote yalikuwa na shabaha. Kundi letu lina waamuzi, wengine wako ng'ambo, na unawatumia picha zako za mbele, nyuma na ubavuni. Wakikukubali unatembea na kundi kwenye maonyesho makubwa ya mjini, katika msafara, watu wakijipanga huku na huku. Wakikukataa unatazama. Mwaka uliotangulia rafiki yangu mmoja anayeishi Pipeline, dada aliyetengeneza deraya yake yote katika chumba kimoja na kuitundika juu ya kitanda kwa kukosa nafasi, alikubaliwa akatembea. Mimi nilisimama pembeni nimemshikia mkoba. Sikutaka kushika mkoba wa mtu tena. Nilitaka kupita, nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kazi yoyote, na nilijua kwamba kifua ndicho kitakachoniingiza au kunifungia nje.

Nilipomaliza kukipaka rangi, ilibaki vanishi tu. Mvua ilikuwa imeng'ang'ania wiki nzima, na kila nilipojaribu kupuliza kwa mkebe juani, jua lenyewe likawa halipo. Baba yangu ana kompresa, ile mashine ya upepo ya kupulizia rangi. Baba yangu ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, amefanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa, kwenye gereji ya kando ya barabara ambayo paa lake ni milango ya magari yaliyokufa. Kuhusu deraya alikuwa na maoni yake. Kofia aliiita ndoo. Kifua alikiita sufuria. Alikuwa akiniuliza mbele ya watu, "Kijana, hiyo sufuria yako imeiva?"

Nikampelekea kifua ndani ya gunia. Nikamweleza vizuri, tumesimama ana kwa ana: "Baba, nipigie vanishi tu. Tabaka moja jembamba, rangi isibanduke."

Alikitoa, akakigeuza, akapitisha kiganja juu yake kama anavyopitisha kwenye mlango wa gari. Hakucheka. "Acha hapa," akasema. "Kesho mchana."

Nilipaswa kusimama pale nikamwangalia. Lakini ni mimi, na mimi sisimami. Nikaondoka.

Kesho yake nilipofika nilimkuta amekiweka juu ya boneti ya gari, kwenye kitambaa safi, na mafundi wenzake wamekizunguka. Kilikuwa kinang'aa. Kilikuwa laini kama yai, hakuna mbonyeo hata mmoja.

"Kuja uone," baba akaniita. "Nimetoa zote. Na sikuweka puti ya kuziba mashimo, hata ya kujaza ukucha. Nimenyoosha chuma yenyewe, kutoka nyuma, pole pole. Nikaona huyu kijana amehangaika na hii kitu, imemshinda, anaona aibu kuniambia. Sasa mimi nipige vanishi juu ya mashimo? Watu waseme imetoka kwangu?"

"Mzee amekutolea kitu safi, buda," fundi mmoja akaniambia. "Hiyo ni kazi ya siku mzima, na hakula lunchi."

Baba alikuwa anatabasamu, na tabasamu lake si la bei rahisi. Akanishika bega mbele yao wote. "Hii sasa si sufuria," akasema. "Hii sasa ni kazi."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nilitaka kupiga kelele. Nikasema, "Asante sana, baba," nikakirudisha kwenye gunia, nikatembea hadi nyumbani kwa miguu maana nisingeweza kukaa.

Chumbani nilikiweka mezani, nikachukua nyundo, nikaiweka chini, nikaichukua tena. Nilikwenda dirishani, nikarudi. Kila nilipoinua mkono niliona lile tabasamu. Mwisho nikafanya ujinga wa mtu anayeogopa pande zote mbili: nikavaa deraya vilevile ilivyo, nikapigwa picha, nikazituma. Nilijipa moyo kwamba labda hawataangalia sana. Kuangalia sana ndiyo kazi yao pekee.

Jibu lilikuja haraka. Kila kitu kilikuwa sawa, tena mikono waliisifu, ila kifua hakikuwa cha askari yule. Kilikuwa kipya mno. Nirekebishe nitume tena kabla ya Ijumaa kuisha, la sivyo nisubiri mwaka ujao.

Rafiki yangu wa Pipeline alinipigia simu. "Niaje. Si urudishe tu hizo mibonyeo?"

"Baba alizitoa kwa mkono wake."

Naye ana baba. "Basi sijui nikuambie nini," akasema.

Alhamisi baba akaja. Hajazoea kupanda ngazi zangu, goti lake halipendi, lakini alikuja, amevaa shati la kwenda nalo mjini. Alitaka kujua wazungu wale, waamuzi wetu, wamesema nini kuhusu kazi yake. Alisema hivyo akiwa bado mlangoni, anahema.

Nikajifanya natafuta kikombe cha kumpa chai. Nilipogeuka alikuwa amesimama mbele ya ukuta. Pale nilikuwa nimebandika picha ya askari yule, kubwa, niliyoitoa kwenye televisheni, na kila mbonyeo umezungushiwa kalamu nyekundu. Akaisogelea. Akavaa miwani. Akaangalia kifua kilichokuwa mezani, akarudi kwenye picha, akaweka kidole kwenye duara moja, kisha jingine, kisha lile la chini ya bega.

"Ulikuwa umezipiga wewe," akasema. "Makusudi."

"Ndiyo, baba."

"Zikae vile hii imekaa."

"Ndiyo."

"Na mimi nikatoa." Akakaa kitandani. "Wamekataa?"

"Wamekataa. Wamenipa mpaka kesho nirekebishe."

"Mbona hukuniambia pale gereji?"

Nikamwambia ukweli, kwamba alikuwa amefurahi na sikuweza. Akatikisa kichwa. Nilidhani atanigombeza, na ningefurahi angenigombeza. Badala yake akakunja mikono ya shati, akaja mezani, akaniomba nyundo. Akakilaza kifua juu ya gunia la mchanga bila kuuliza namna, akapima kwa jicho kutoka kwenye picha, akainua mkono.

Mkono ukabaki juu. Akaushusha bila kupiga, akapangusa kiganja kwenye suruali, akauinua tena. Ukakwama tena. Maisha yake yote amepiga nyundo ili kutoa mibonyeo, hajawahi kuipiga ili kuweka, na hapa ilikuwa juu ya kazi aliyoinyoosha mwenyewe bila kula.

"Haukubali," akasema, akiutazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akanipa nyundo. "Piga wewe. Mimi sitaangalia."

Akaenda dirishani, akanipa mgongo, akashika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Huko nje palikuwa na nguo za jirani kwenye kamba na hakuna kingine cha kutazama.

Nikapiga. Rangi ikabanduka kidogo pembeni, jinsi ilivyobanduka kwenye picha, na mabega ya baba yakaruka.

"Imekaa?" akauliza.

"Imekaa."

"Bado nyingi?"

"Nyingi, baba."

Hakugeuka. "Basi piga," akasema. "Piga zote, na usipige kwa huruma."